Namna ya Kudhaminiwa na Mtoto Wako wa Kuzaa

Kwanza hongera. Umepata mtoto Thailand, na mtoto mwenyewe ni Mthai asiye na shaka: ana cheti cha kuzaliwa, jina lake limeingizwa kwenye daftari la nyumba ya bibi yake, na akitimiza miaka 7 atapigwa picha apewe kitambulisho cha taifa. Wewe uliyemzaa una mhuri wa utalii wa siku 60 kwenye pasipoti, na nyingi zimekwisha. Katika nyumba hiyo mwenyeji ni yule anayenyonya. Mgeni ni wewe unayenunua nepi. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, lakini wahenga hawakuwahi kujaza fomu ya TM.7.

Serikali ya Thailand haina roho mbaya. Mzazi wa mtoto wa Kithai anaruhusiwa kuomba viza ya daraja la O, ya siku 90, kisha akiwa ndani ya nchi aombe, kwa fomu hiyo ya TM.7, kuongezewa mwaka mmoja, halafu mwaka mwingine, na mwingine, mpaka mtoto atimize miaka 20. Masharti ni kwamba muwe mnaishi pamoja na uwe na uwezo wa kumtunza. Mapenzi hayamo kwenye orodha. Ukimwambia afisa kwamba unampenda mwanao kuliko macho yako, atatabasamu, kwa sababu Thailand watu hutabasamu, kisha atakuuliza nakala ya ukurasa wa pili iko wapi.

Walengwa wa mwongozo huu si wengi, lakini wapo. Kuna watu wa vito wanaozunguka Silom jijini Bangkok na soko la Chanthaburi, udugu ulioshika kasi miaka ya 1990 wanunuzi wa Kithai walipomiminika Tunduru kufuata yakuti. Kuna wafanyabiashara wa nguo wanaofungasha marobota Pratunam. Kuna walimu wa Kiingereza waliotoka Kenya na Uganda na sasa wanawafundisha watoto wa mikoani nyimbo za herufi. Mtu alikwenda kufunga mzigo, mzigo ukapanda meli, yeye akabaki. Alipoulizwa na wa nyumbani kilichomweka, akasema biashara. Biashara hiyo sasa ina meno manne.

Hatua ya kwanza: kuwa baba

Unadhani hatua hii ulishaimaliza. Polepole. Kwa sheria za kiraia za Thailand, kifungu cha 1546, mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa ni mtoto halali wa mama yake. Hapo sheria inanyamaza. Jina lako kuwamo kwenye cheti cha kuzaliwa ni habari njema kwa shangazi zako wa Muheza, lakini halikufanyi kuwa baba mbele ya sheria. Wewe ni mwanamume ambaye jina lake limeandikwa kwenye cheti cha mtu.

Kifungu kinachofuata, cha 1547, kinakupa milango mitatu: kumwoa mama wa mtoto, kumsajili mtoto kuwa wako, au kwenda mahakamani. Tuanze na wa kwanza, maana ndio wenye sherehe.

Msomaji wetu wa kawaida atapinga papo hapo. Atasema: ndoa gani tena? Watawa tisa walisoma dua, mikono yetu ikamiminiwa maji, na mahari, ambayo huko huitwa sin sot, niliiweka kwenye sinia mbele ya wazee ikahesabiwa noti kwa noti huku kijiji kizima kikitazama. Yote kweli, na picha ni nzuri. Lakini dola haikualikwa kwenye hiyo harusi. Ndoa inayojulikana na serikali ni ile iliyosajiliwa ofisi ya wilaya, mbele ya karani aliyekaa chini ya feni, pasipo watawa wala sinia. Wanaume wengi wamelipa mahari hadi senti ya mwisho na bado, kwa mujibu wa sheria, ni marafiki wa familia.

Ili usajiliwe unahitaji barua ya ubalozi wako inayothibitisha kwamba huna ndoa nyingine. Barua itafsiriwe kwa Kithai, tafsiri igongwe mhuri na Wizara ya Mambo ya Nje. Mkenya ana nafuu, nchi yake ina ubalozi Bangkok. Wengine wajiandae kuandikiana barua na miji ya mbali. Na wewe ndugu uliyemwacha bi mkubwa Tanga, ukidhani bahari ni pana: Thailand ilifuta ndoa ya wake wengi mwaka 1935, na barua unayotafuta inauliza jambo hilo hilo unaloogopa kuulizwa. Mwongozo huu hauna hatua ya kukusaidia. Rudi Tanga ukazungumze.

Mlango wa pili ni kumsajili mtoto kuwa wako bila kuoa. Hapa mama lazima akubali, na mtoto naye lazima akubali. Umesoma sawasawa. Mtoto anaulizwa, na mdogo asiyeweza kujieleza hahesabiwi kuwa amekubali; makarani wengi hutaka awe na umri wa kama miaka 7. Mtoto wa miezi minane akiulizwa kama anamtambua huyu kuwa baba yake, akatoa mapovu, mapovu si jibu. Kwa hiyo unasukumwa mlango wa tatu, mahakama ya watoto na familia, ambako maafisa wa ustawi watakuhoji unafanya kazi gani, unampa mtoto nini, anaumwa nini, anapenda kula nini. Hapo ndipo baba wengi hugundua kwamba hawajui jina kamili la mtoto wao.

Hili nalo ni somo. Karibu kila Mthai ana jina la cheti, refu na la heshima, mara nyingi lenye asili ya Kisanskriti au Kipali, na jina la nyumbani ambalo linaweza kuwa Bank, Golf, Beer au Benz. Umeishi na mwanao miaka mitatu ukimwita Benz. Afisa hamjui Benz. Jifunze jina la cheti, lifanyie mazoezi bafuni, na ulitamke kwa lafudhi sahihi, maana Kithai kina toni tano na unaweza kudai ubaba wa mtu mwingine kabisa.

Kwa mama mgeni aliyezaa na Mthai: wewe ni mama bila kuulizwa, na pole kwa kukupitisha kwenye aya zote hizo. Kazi yako iko upande wa pili. Kama hamkuoana, itabidi ithibitishwe kwamba baba Mthai ndiye baba kweli ili mtoto apate uraia wake; marekebisho ya sheria ya uraia ya mwaka 2008 yalifungua njia hiyo. Kumshika baba mwenyewe aende ofisini ni shughuli isiyo na sheria inayoitosha.

Utajiuliza: kama nimeoa, kwa nini nisiombe kwa jina la mke? Unaweza. Masharti ya fedha ni yale yale. Lakini mke anaweza kukuacha, na siku ndoa inapovunjwa sababu yako ya kukaa inavunjika nayo. Mtoto hawezi kukuacha mpaka ajifunze kuendesha pikipiki. Tatizo ni kwamba karatasi za mtoto zinatunzwa na mama. Kitambulisho cha mama, daftari la nyumba, saini ya mama, na mara nyingi mama mwenyewe ana kwa ana, vyote vinatakiwa. Kwa hiyo, mlioachana, achaneni vizuri. Mlio kwenye ndoa, msigombane karibu na tarehe ya viza. Kuna wanaume ambao kwa miezi kumi na mmoja huacha taulo sakafuni, na mwezi wa kumi na mbili huosha vyombo, husifia mchuzi na kumpigia mama mkwe simu bila kuagizwa. Wake zao wanaijua tarehe ya pasipoti kuliko wao.

Hatua ya pili: kupata fedha, kisha kuziacha

Unatakiwa uonyeshe moja kati ya mawili: kipato cha wastani wa baht 40,000 kwa mwezi, au baht 400,000 zilizolala kwenye akaunti ya benki ya Thailand, kwa jina lako peke yako, kwa muda wa miezi miwili kabla ya kuomba. Hiyo ya pili ni kama dola 12,000 za Marekani. Usiibadilishe kwenda shilingi; utaumwa bure.

Fedha hizo ni ushahidi kwamba unaweza kumtunza mtoto, na kwa sababu hiyo huruhusiwi kuzitumia kumtunza mtoto. Zinatakiwa zilale. Ukichomoa elfu tano za viatu vya shule, salio likashuka chini ya mstari hata kwa usiku mmoja, miezi miwili inaanza upya. Mtoto akiuliza kwa nini baba tajiri wa laki nne anakula wali mtupu, mwambie zile si fedha, ni picha ya fedha.

Kuna mtego mdogo. Ili uwe na fedha benki lazima ufungue akaunti. Matawi mengi hayapendi kumfungulia mgeni asiye na viza ya muda mrefu. Viza ya muda mrefu inataka akaunti. Unatoka tawi moja unaingia jingine, na kila karani anakupa sharti tofauti kwa sauti ya upole ule ule, mpaka ufike tawi la soko la jirani ambako mama mkwe huweka akiba ya biashara ya mboga, na meneja anamwita mama mkwe dada. Akaunti inafunguliwa kabla ya chai kupoa. Kumbuka viza ya O ilikupa siku 90. Toa hapo siku 60 za kulaza fedha, toa siku za kutafuta tawi, na utaona kwa nini wazoefu huenda benki kabla hawajafungua begi.

Vishoka hawakosekani. Watakuambia wana laki nne za kukodisha, zitakaa kwako siku zinazotakiwa kisha zirudi kwao na mtoto wao, yaani riba. Mwongozo huu ni wa kejeli lakini una mipaka: usifanye hivyo. Aliyedanganya kuhusu fedha huwa hana pa kujitetea siku afisa anapouliza swali la pili.

Hatua ya tatu: nakala

Hapa ndipo penyewe.

Tanzania ukienda ofisini bila karatasi unaambiwa njoo kesho. Thailand hawasemi njoo kesho. Wanasema bado nakala moja. Na kweli ni moja. Ukiileta, ni moja tena. Pasipoti: nakala ya ukurasa wa picha, wa viza, wa mhuri wa kuingilia. Cheti cha kuzaliwa cha mtoto. Kitambulisho chake kama anacho. Daftari la nyumba, lenye jalada la bluu, ukurasa wa anuani na ukurasa wenye jina lake. Cheti cha ndoa, au cha kumsajili mtoto, au hukumu ya mahakama. Kitambulisho cha mama. Barua ya benki, ikiwezekana ya siku hiyo hiyo, pamoja na kitabu cha benki kilichoingizwa mashine asubuhi hiyo kionyeshe salio la leo. Kitabu kikisoma salio la jana, jana ni jana. Weka baht 100, mashine ipige mstari mpya, utoe nakala ya mstari huo.

Kila nakala utie saini, kuthibitisha kwamba nakala ni nakala. Tumia wino wa bluu, ili ionekane kwamba saini haikutoka kwenye mashine. Za mama asaini mama. Za mtoto asiyejua kuandika asaini mzazi, na ndipo unapokumbuka ule mjadala wa hatua ya kwanza kuhusu nani ni mzazi.

Usishangae miaka. Mtoto aliyezaliwa 2020 cheti chake kinasema 2563, kwa sababu Thailand huhesabu miaka ya Buddha, na hesabu hiyo imetangulia yetu kwa miaka 543. Watu wa pwani, waliozoea kuandika barua ya harusi kwa Hijria na ya benki kwa Miladia, hawatapata shida. Wengine wataona mtoto wao atazaliwa miaka mia tano ijayo na kuomba rufaa.

Jina lako limeandikwa kwa herufi za Kithai na wauguzi waliolisikia mara moja, usiku, mama akipiga kelele. Wathai wengi katika mazungumzo ya kawaida hugeuza r kuwa l, kwa hiyo Ramadhani anaweza kujikuta Lamadhani kwenye cheti cha kuzaliwa, Ramatani kwenye cheti cha ndoa, na Ramadhani mwenyewe kwenye pasipoti. Hao ni watu watatu, na mmoja tu ndiye mwenye mtoto. Chagua namna moja ya kuliandika jina mapema, likatafsiriwe na mtafsiri mmoja, na namna hiyo uing'ang'anie kama kupe.

Kisha picha za familia. Si zile za studio. Wanataka kuona nyumba kwa nje na namba yake isomeke, sebule, na nyinyi wote mkiwa humo mnaishi. Kuishi kwenye picha ni kazi ngumu kuliko watu wanavyodhani. Mtoto hataki kukaa, bibi amevaa la kanisani ingawa hana kanisa, baba ameshika kijiko kama mtu aliyepewa kijiko ashike. Ushauri: piga picha mwaka mzima, za kawaida, siku mbalimbali. Familia yenye picha kumi zote ndani ya shati moja huonekana imeanza kupendana Jumanne.

Na ramani. Utachora kwa mkono, ukionyesha jinsi ya kufika nyumbani kutoka barabara kuu. Kwetu ungesema shuka penye mwembe, uliza kwa mzee fulani. Kule kishawishi ni kuandika "kata kushoto kwenye 7-Eleven". Nchi ina maduka hayo zaidi ya 14,000. Tafuta hekalu, au shule, au saluni yenye bango la rangi ya waridi.

Mwisho, jirani shahidi, Mthai, mwenye kitambulisho, atakayesema kwamba ndiyo, huyu mtu mrefu anaishi hapa na mtoto. Mliokulia chini ya balozi wa nyumba kumi mnajua mtu wa aina hiyo. Chagua yule anayejua mambo ya mtaa mzima, na uwe umemletea papai kabla hujamhitaji.

Hatua ya nne: dirishani

Kama uko Bangkok utakwenda Chaeng Watthana, kwenye majengo ya serikali yenye ukubwa wa uwanja wa ndege na mgahawa wa chini wenye chakula kizuri kuliko unavyotarajia ofisini. Mikoani ofisi ni ndogo, na jambo lililokubaliwa mkoa mmoja hushangaza mkoa wa pili. Uliza ofisi yako, si ya rafiki yako. Fika asubuhi, chukua namba, kaa. Saa sita mchana hadi saa saba ni chakula, na foleni inakaa pale pale ilipoachwa.

Vaa suruali ndefu na viatu vya kufunika vidole. Wazungu wa ufukweni huenda na kaptura na kandambili, na ni furaha ndogo ya maisha kuona Mwafrika aliyenyoosha shati akiitwa kabla yao, hata kama ni kwa bahati ya namba. Viganja vikutane kifuani, kichwa kishuke kidogo. Usipandishe sauti. Kwetu mtu akikwama dirishani huuliza kwa nguvu, "Unanijua mimi ni nani?" Huku swali hilo lina jibu, liko kwenye faili, na halikusaidii. Anayefoka Thailand amejivua nguo mwenyewe; afisa anatazama pembeni kwa aibu ya niaba, na karatasi zako zinashuka chini ya rundo. Chai vilevile usijaribu, hata kama mkono unawasha kwa mazoea.

Ofisi nyingi hutaka kumwona mtoto. Mlete ameshiba, amelala kidogo, na amefundishwa. Afisa atainama amuulize huyu ni nani. Jibu ni "pho", baba. Watoto hupenda kujibu kwa ukweli wao, na kuna anayeweza kusema "huyu ni Juma", kwa sababu ndivyo bibi anavyomwita. Wengine hutazama tu bango la mfalme ukutani. Wewe kaa kimya na utabasamu, umwache akudhamini kwa kasi yake.

Utalipa baht 1,900. Utasaini karatasi ya kukiri kwamba umeelezwa adhabu za kuzidisha muda: baht 500 kwa siku, mwisho 20,000, na kwa waliokamatwa wakiwa wamezidisha, kufungiwa mlango kwa miaka 5 au zaidi. Kisha utagongwa mhuri ambao si wa mwaka mmoja, bali wa siku 30 za "kufikiriwa". Faili linapanda kwa wakubwa. Katika siku hizo wewe si mkaazi wala si mtalii, unafikiriwa.

Wakati unafikiriwa, wanaweza kuja nyumbani. Si kila mara, na hawasemi saa. Afisa mmoja anapiga picha, mwingine anamsalimia bibi, wa tatu anamuuliza jirani wa mapapai. Vua viatu mlangoni kama kila mtu, na viatu vyako viwepo pale siku zote: pea ya namba 45 kati ya kandambili ndogo ndogo ina nguvu ya ushahidi ambayo wakili hana. Wakiuliza mtoto anasoma darasa gani, ujue. Wakiuliza mwalimu wake ni nani, ujue pia. Wanaume wasiopata kuingia jikoni waonyeshwe mapema sukari inakaa wapi, maana wageni watapewa chai na ni wewe utakayetumwa.

Hatua zisizo na namba

Ukishapata mwaka, usitulie. Mwenye nyumba anatakiwa aripoti ndani ya saa 24 kwamba mgeni analala kwake, kwa fomu ya TM.30. Mwenye nyumba ni mama mkwe, na mgeni ni mkwe anayelala hapo tangu mafuriko ya mwaka juzi, haijalishi. Kila siku 90 utaripoti kwamba bado uko pale pale, kwa TM.47, ukichelewa zaidi ya wiki moja, baht 2,000. Ukitaka kwenda kumzika mjomba Mombasa, kabla hujatoka chukua kibali cha kurudi, baht 1,000 kwa safari moja au 3,800 kwa safari zozote mwaka huo. Ukiondoka bila kibali, mwaka wako wote unakufa pale uwanjani unapovuka mstari, na unarudi kuwa mtu anayeomba viza kwa mtandao kupitia ubalozi wa Thailand ulioko Nairobi. Na ukirudi, kadi ya homa ya manjano mkononi. Watu wa Afrika Mashariki huonyesha hiyo kabla hawajaonyesha uso.

Kuhusu kazi. Kwetu mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Thailand mgeni akipewa jembe bila kibali cha kazi, aliyempa na aliyelipokea wote wana kesi. Viza ya mtoto si kibali cha kazi, ingawa unaweza kukiomba ukiwa nayo. Hata ukikipata, zipo kazi zilizotengewa Wathai wenyewe: orodha ya mwaka 2020 ina kazi 40, na humo kuna kunyoa na kusuka nywele, kuuza vitu barabarani, kuongoza watalii, na kukanda mwili kwa mtindo wa Kithai. Mawazo yako ya kufungua kibanda cha kusuka rasta au kutembeza mishikaki yafunge kwanza. Ile biashara ya mboga ya mama mkwe usisogelee hata mizani yake afisa akiwa anapita. Simama kando na umbebe mtoto. Kubeba mtoto hakuna kibali kinachohitajika, ndiyo sababu nzima ya wewe kuwa hapo.

Mtoto akikua

Atakua. Siku atakapotimiza miaka 20 mdhamini wako atakuwa mtu mzima kisheria na dhamana itakwisha. Kama ni wa kiume, mwaka unaofuata naye ataitwa kuchota karata ya jeshi, nyekundu anakwenda, nyeusi anabaki, na wewe utakuwa umekaa kwenye viti vya plastiki ukimwombea akiwa na kitambulisho chake na wewe na nakala zako.

Watu wenye busara huanza hesabu mapema. Kuna njia ya wastaafu, kuanzia miaka 50, ila fedha za kulaza benki ni 800,000, mara mbili ya bei ya mtoto. Kwa hiyo aliyezaa akiwa na miaka 30 au zaidi anavuka moja kwa moja kutoka kwa mwanawe kwenda kwenye uzee. Aliyezaa akiwa na 25 ana pengo la miaka mitano lisilo na fomu. Ukaazi wa kudumu nao upo, nafasi 100 kwa kila taifa kwa mwaka, na kwa Watanzania foleni huenda isiwe ndefu, lakini masharti yake yangetaka mwongozo mwingine na mwandishi mwenye moyo mgumu zaidi.

Aliye kwenye pengo anashauriwa azungumze na mkewe kuhusu mdogo wake Benz. Sitanii. Mtoto aandikishwe wilayani ndani ya siku 15, jina la baba litamkwe polepole kwa muuguzi, herufi kwa herufi, na mtu aende mapema kufungua ule ukurasa wa daftari la bluu utolewe nakala tatu.